Siti Kutoka Narok

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimeshinda! Kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu Sifa kilifanyika kwa mwenyekiti, Mzee Nikolaus. Tulipofika kwenye suala la gari la bibi harusi, Saruni akasimama. Saruni ni jirani yetu, dereva wa watalii, ana Land Cruiser yake mwenyewe, na husimama hata pasipo na haja ya kusimama. Akasema atatoa gari bure. Makofi. Hata Benedicta, mke wangu wa ndoa, alipiga.

Nikasimama na mimi. Nikasema marehemu baba asingependa binti yake apelekwe kanisani na gari la jirani. Sifa atakwenda na gari la nyumbani kwao. Mzee Nikolaus akauliza gari lipi. Nikasema linakuja, linatoka nje ya nchi. Makofi! Machache kuliko ya Saruni, lakini ya watu wazito.

Sifa akanifuata hadi nje. Akanikumbusha siku ya kipaimara chake, nilipompakia kwenye pikipiki ikafia njiani Rhotia, akaingia kanisani kwa miguu na gauni jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi. Akasema, "Kaka, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sitaki kutembea tena." Nikamwambia ile ilikuwa pikipiki ya kuazima. Hili litakuwa gari letu.

Sasa natakiwa kulitafuta.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimelipata! Sijamaliza hata siku mbili.

Lilikuwa kwenye kundi moja la simu la wauza magari. Muuzaji anaitwa Koinet, mfugaji, anaishi upande wa Kenya huko Narok, si mbali na mpaka ukishapita Soitsambu. Anauza Land Cruiser, toleo lilelile la Saruni. Nikampigia kwa video. Ndugu zangu, siti! Ngozi halisi, rangi ya chai ya maziwa, mshono mara mbili, hakuna hata ufa. Mimi ni fundi siti. Nimeshona siti za nusu ya magari ya watalii ya Karatu na sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamwomba abonyeze siti ya nyuma. Ikabonyea, ikarudi polepole. Nikamwomba abonyeze tena.

Alitaka kunionyesha na mbele ya gari. Nikamwambia asinimalizie bando, arudi kwenye siti.

Hataki fedha, anataka mitamba miwili. Mitamba ninayo, imo zizini kwa mjomba kule Mbulu. Benedicta akauliza injini ikoje. Nikamweleza taratibu kwamba mtu anayetunza siti namna ile hutunza kila kitu. Akauliza kama nimeiona. Huyu mwanamke hajawahi kushona hata siti moja, lakini maswali anayo.

Jumatano, 9 Oktoba

Usiku mzima nilimwaza Saruni. Je, siku ya harusi akija na gari lake limeoshwa, akaliegesha kanisani karibu na langu? Watu watalinganisha. Akili ikafanya kazi.

Asubuhi nikamwendea kwa unyenyekevu mkubwa. Nikasema nimefikiri, sisi ni majirani, nataka kumshonea siti zake upya bila malipo, kwa heshima ya harusi. Alinitazama kwa muda. Kisha akafurahi, maskini. Saa nne siti zake zote zilikuwa kwenye karakana yangu. Gari lake sasa limebaki tupu ndani. Zitakuwa tayari Jumapili, siku moja baada ya harusi. Mipango!

Jumamosi, 12 Oktoba

Siti za Saruni nimezifumua zote. Ili asije akazidai mapema, vyuma vyake nimevipeleka kwa Naftali, fundi wa kuchomelea, nikamwambia aimarishe miguu yote, asiwe na haraka. Kumwambia Naftali asiwe na haraka ni kama kumwambia kobe apunguze mwendo. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatatu, 14 Oktoba

Safari! Nimepanda lori la Lekishon, mfanyabiashara wa mifugo, mimi mbele na mitamba yangu nyuma. Sifa aliamka alfajiri kunisindikiza. Alinifungia chapati. Hakusema lolote kuhusu pikipiki, na mimi sikusema.

Tukapita geti la hifadhi, tukapanda juu kwenye ukungu, tukateremka hadi Olbalbal. Huko ni vumbi tupu. Ng'ombe wanaswagwa kwa makundi kwenda kutafuta maji, mbavu zinahesabika. Lekishon akasema mwaka huu mvua imewasahau. Halafu akauliza gari langu linatumia injini gani. Nikamweleza kuhusu mshono. Akanyamaza hadi Soitsambu. Nadhani nilimvutia.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku kubwa. Naiandika kwa mpangilio ili nisiharibu utamu.

Vibali vya mitamba pale mpakani vilimaliza asubuhi yote. Lori la Lekishon likabaki upande wetu, mimi na mitamba tukaenda kwa miguu, mchana tukafika kwa Koinet. Mtu mzima, mpole, shuka safi. Akaitazama mitamba, akaizunguka, akaridhika. Tukanywa maziwa. Akasema kwao watu waliopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina yao, huitana kwa jina la yule ng'ombe. Kwa hiyo tangu leo mimi ni Mtamba, na yeye ni Mtamba. Nilikaribia kutokwa na machozi. Saruni ana nani wa kumwita Mtamba? Hana.

Kisha nikaingia kwenye gari langu. Nikaketi. Siti ilinipokea kama mtoto aliyerudi nyumbani. Nikafumba macho. Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Nikazungusha tena. Koinet alisimama dirishani akinitazama kwa mshangao. Nikashuka, nikafungua boneti. Mle ndani, mahali pa injini, alikuwa amelala mwanambuzi.

Koinet akasema alidhani najua kwamba injini haimo. Siku ile ya video alitaka kunionyesha, nikamkataza. Siku zote nilimuuliza habari za siti, basi akadhani Karatu watu hununua siti kwanza. Ni mkweli kabisa, siwezi kumlaumu. Akanishika mkono, kama wanavyofanya wazee wakiongozana, akanipeleka kisimani. Injini yangu iko pale! Nzima! Imefungwa juu ya gogo, inavuta maji kutoka chini, inanguruma vizuri ajabu. Kwenye mabirika ya kunyweshea kulikuwa na ng'ombe wengi, na wengine walikuwa wamepanga foleni hadi mbali. Akasema injini ni yangu, ni sehemu ya gari, hana ubishi. Lakini tukiing'oa leo, ng'ombe wa kijiji kizima watakufa. Mvua ikinyesha tu, atanipigia simu nije niichukue.

Nilifungua mdomo ili nidai haki yangu. Ndipo nikaona mitamba yangu miwili nayo iko kwenye foleni, imechoka na safari, inasubiri maji. Nikafunga mdomo.

Hata hivyo, tuseme ukweli: nina injini nzuri. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mtu mwingine angerudi mikono mitupu. Mimi nimeng'oa siti! Zote, na bolti zake. Koinet akatoa punda wanne, wale wa kubebea maji, tukazifunga siti migongoni, moja moja kwa watatu na ile ndefu ya nyuma ikampata punda mkubwa. Msafara ukapita nyikani. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliacha kuchota.

Mpakani afisa akazizunguka siti, akauliza gari liko wapi. Nikasema linafuata. Akauliza baada ya muda gani. Nikasema inategemea mvua. Akanitoza ushuru wa siti, akagonga muhuri. Siti zangu sasa zinatambulika na serikali mbili. Lekishon akanipakia pamoja na mbuzi wa mnadani. Nililala juu ya siti ya nyuma njia nzima ili mbuzi wasiikojolee. Nilikojolewa mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimewasili. Kamati ilikuja mbio. Nikawaeleza kwamba gari linakuja kwa awamu, na awamu ya kwanza ndiyo hii. Mzee Nikolaus alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wamepigwa na butwaa.

Basi nikaona niwe muungwana. Nitamrudishia Saruni siti zake leo hii, ampeleke Sifa, yaishe. Nikakimbia kwa Naftali. Karakana imefungwa kwa kufuli! Amesafiri kwenda Singida msibani tangu Jumatatu, ufunguo anao mfukoni, simu haipatikani. Jirani yake alisema Naftali aliondoka bila wasiwasi kwa sababu mteja wake wa vyuma alimwambia asiwe na haraka.

Nilikaa chini pale mlangoni kwa muda kidogo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hali ilivyo: kuna gari lenye injini lisilo na siti, na kuna gari lenye siti lisilo na injini, na hilo la pili liko Narok. Nikatafuta gari jingine mji mzima. Yote yameingia kreta na Serengeti na wageni, hayarudi kabla ya Jumapili. Lililobaki ni lori la Lekishon, na lile lina harufu ninayoijua vizuri sasa.

Jioni Sifa akaja karakana. Nywele zimeshasukwa, mikono ina hina, mguuni kavaa ndala. Aliketi kwenye siti ya Narok bila kuisifu. Akasema viatu vya harusi vina visigino virefu, kwa hiyo kesho ataazima raba za Benedicta, atembee mapema kabla jua halijawa kali, viatu atavivaa mlangoni. Hakulia. Alisema kama mtu anayepanga safari ya sokoni. Afadhali angelia! Nilitamani ardhi inimeze. Baba aliniachia mtu mmoja tu wa kumtunza.

Kabla sijasema neno, Saruni akaingia. Alikuwa amesikia habari za kufuli. Akaniita majina ambayo siwezi kuyaandika humu, Benedicta husoma. Nikajificha nyuma ya meza ya kukatia. Benedicta naye alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama gari la Narok si toleo moja na la Saruni.

Saruni akatazama siti. Akainama, akapima matundu ya bolti kwa vidole. Akatoka, akarudi na spana.

Ninaandika hapa ili historia isipotoshwe: wazo hilo lilikuwa langu. Benedicta alilitamka tu kabla yangu.

Tulifunga siti mimi na Saruni, bega kwa bega, hatusemezani. Bolti zote ziliingia. Siti ya mwisho ilipokaa, Saruni akaibonyeza. Ikabonyea, ikarudi polepole. Akaibonyeza tena. Nilimwona!

Jumamosi, 19 Oktoba

USHINDI! Ushindi mkubwa kuliko wote!

Sifa amefika kanisani amekaa, gauni jeupe kama maziwa, hakuna hata chembe ya vumbi. Saruni aliendesha, mimi nilikaa mbele, dirisha wazi, kiwiko nje. Mshereheshaji alimshukuru Saruni kwa gari. Makofi mengi mno. Lakini bibi harusi hakukalia injini! Alikalia siti! Kwa hesabu ya haki, zaidi ya nusu ya makofi yale ni yangu, na niliinuka kuyapokea. Benedicta alinivuta koti, nikaketi baadaye.

Wakati wa kushuka, Sifa alishika mkono wangu kabla ya wa mtu mwingine yeyote. Akaninong'oneza, "Siti nzuri, kaka." Nimeoa, nimezaa, nimetembea hadi Kenya, sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nililia waziwazi mbele ya kamati nzima. Saruni alinipa kitambaa chake. Nimekubali kukitumia.

Jumapili, 20 Oktoba

Saruni amesema siti hazitoki kwenye gari lake mpaka aone za kwake. Naftali bado yuko Singida. Watu wangesema nimepoteza siti. Sivyo. Sasa mimi na Saruni ni wabia, ingawa yeye bado hajatambua. Kila gari lake likipita na wazungu, namwambia Benedicta wale wageni wetu wanapita. Hajibu.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua! Tangu juzi inanyesha mfululizo, hapa na kote hadi Loliondo. Lekishon amerudi, anasema Olbalbal sasa ni matope tupu na ng'ombe wanakunywa kwenye madimbwi popote walipo.

Benedicta alikuja na chai akaketi karibu yangu. Akauliza, safari hii yote imenifundisha nini. Nikamjibu kwa uhakika kwamba sikukosea kuhusu gari, nilikosea kuhusu nchi. Kenya kuna ukame. Kwa hiyo nimetafuta muuzaji wa Zambia, mtu binafsi, mstaarabu sana, ana Prado. Zambia kuna mito. Hakuna haja ya mtu kuvutia maji kwa injini ya gari. Benedicta aliondoka na chai yote, pamoja na kikombe changu.

Simu inaita. Ni Koinet, nimemwandika "Mtamba Narok". Hii ni mara ya sita tangu asubuhi. Atakuwa anataka kunisimulia habari za mvua, kana kwamba huku haijanyesha. Nitampigia siku nyingine. Sasa hivi siwezi kupokea, yule wa Zambia yuko hewani kwa video na ameanza kunionyesha siti.