Hatua Nne za Filomena wa Getanuwas

Sogeeni, enyi wa Hirbadaw na wa Endagikot, nanyi mnaochunga mpaka miguuni pa mlima Hanang; tueni fimbo, nyamazisheni mbwa, msikie jinsi Filomena binti Hhando, Mshinda-Kigoda, Tishio la Vigingi, alivyotembea hatua nne mchana kweupe mwaka wa sabini na tano, na nchi ikapata mpaka mpya.

Kwanza mjue vita vilikoanzia. Mwaka uliotangulia Filomena aliharisha siku tatu, akapona, akarudi kukamua. Wiki mbili baadaye askari waliomo ndani ya damu yake, waliowekwa kuulinda mwili, waliasi, wakaishambulia mishipa ya fahamu ya bibi yao wenyewe kana kwamba ni wezi wa mifugo. Miguu ilianguka kwanza, mikono ikafuata, na mjane yule aliyewahi kumzuia fahali kwa pembe akawa hawezi kumfukuza nzi puani. Alilala hospitali miezi minne. Maasi yalipotulia, daktari alimrudisha nyumbani mikononi mwa Marko, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Bukoba aliyeogopa ng'ombe lakini hakuogopa wajane.

Marko alisimika miti miwili ya zizi sambamba, akamtia Filomena katikati. Huko, mbele ya ndama waliotazama huku wakitafuna bila huruma, shujaa aliinuka kigodani na kuanguka, akainuka na kuanguka, miezi mitano.

"Shikamoo mama. Leo vidole vya mguu vitainuka," Marko alisema kila asubuhi.

"Marahaba. Viambie wewe. Mimi havinisikii."

Ndipo kaya zote zikaamriwa kuhamia kijiji kipya cha Getanuwas. Ndugu Philemon, katibu wa kijiji, alitangaza sheria mbili. Siku ya kupima, kila mkuu wa kaya asimame kwa miguu yake na kukita kigingi cha pembeni kwa mkono wake. Asiyeweza ataandikwa chini ya jamaa yake. Tena kigingi kilichokitwa na mwenye kaya haking'olewi na yeyote, kwa kuwa wiki iliyotangulia vigingi vilikuwa vinahama kuliko watu.

Basili, mdogo wa marehemu mume wa Filomena, alipewa kiwanja cha jirani, na alikwisha chagua mahali pa kufunga mbuzi wake katika ekari ya shemeji.

"Shemeji, kaa utulie," alimwambia siku ya kupima, kijiji kizima kikisikia. "Niandikwe mimi. Utakula kwangu, na hakuna atakayekuuliza neno."

"Hilo la kutoulizwa neno ndilo linaloniudhi," Filomena alijibu kutoka kigodani. "Mume wangu alikufa, sikuandikwa kwako. Miguu yangu ilikufa, sikuandikwa kwako. Leo nina mguu mmoja na nusu, ndio nianze?"

Kamba ya mpaka ilinyooshwa, na katibu akamnyooshea kigingi. Shimo lilikuwa hatua moja tu mbele. Filomena aliinama, akaegemeza uzito kwenye nyayo, na mapaja yakatetemeka kama bati wakati wa mvua ya mawe. Matako yaliachana na kigoda. Magoti yalijadiliana, yakakubaliana. Alisimama. Akakipokea kigingi, akapiga hatua moja kwa kisigino, kama alivyofundishwa.

Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba Marko alimfundisha kwenda tu. Somo la kusimama akishaanza kwenda lilipangwa wiki iliyofuata.

Hatua ya pili ililivuka shimo. "Shemeji, umepita," Basili alisema. Ya tatu iliivuka kamba. "Shemeji, hapo ni kwangu." Marko alikimbia pembeni, mikono wazi, bila kumgusa, akisema kwa sauti ya chini, "Inua vidole, mama, inua vidole," na kwa mara ya kwanza tangu maasi yale vidole viliinuka, vyote vitano, kama wajumbe wanaopiga kura. Ya nne ilitua katikati ya bustani ya maboga ambayo Basili alikuwa ameilima kabla ya wenzake. Hapo Filomena, akihisi anaanguka, alikishika kigingi kwa mikono miwili na kuanguka juu yake kwa uzito wake wote. Kikazama mpaka shingoni.

Katibu alikitazama kigingi, akaitazama sheria aliyoiandika mwenyewe, akafungua daftari na kuandika jina la Filomena, mkuu wa kaya, ekari moja na hatua tatu. Watu wazima walilia. Marko alilia zaidi, akageuka kuelekea ng'ombe ili asionekane.

Hivyo Getanuwas ikaingia katika historia.

"Ndugu Filomena," katibu alisema baadaye, akimsaidia kuketi juu ya boga kubwa, "walau umwombe shemeji yako radhi, tumalize kwa amani."

Filomena alijifuta udongo magotini, goti moja kisha la pili, polepole, kwa kuwa sasa alikuwa nayo yote mawili.

"Miezi tisa nilimwomba kila mtu," alisema. "Niinue, nigeuze, nishike, nipe maji. Nimemaliza kuomba. Basili simwombi radhi, wala maboga yake."