Mulinzi Niliyemuweka Ndani ya Machine

Siku ya Kwanza ya juma, 8 Mei
Leo kwenye shirika letu la parokia, Ésaïe, mutengenezaji wa machine za ordinateur pale Rughenda, ametutisha. Eti kuna programu za upelelezi. Zinajificha, zinaandika kila touche, kila herufi unayofinya, kisha zinatuma siri zako kwa mutu hata haumujue. Akasema: hapana weka programu ya kuokota, na kila mutu awe na mot de passe yake, neno lake la siri. Mambo ya batoto! Nilisimama, mimi Lusenge, nikatangaza kwamba machine ya nyumba yangu nitailinda mwenyewe. Balinipigia makofi. Mama Kahongya, secrétaire wetu, hakupiga. Wivu.

Siku ya Pili, 9 Mei
Nimepata dawa, programu ya kulinda. Kwenye internet, ya bure! Na yenyewe inaandika kila touche. Donc mupelelezi akigusa machine, ninamusoma. Iliomba adresse ya e-mail ya kutumia ripoti. Mimi sina. Nikaweka ile ya shirika, yenye sisi bote tunatumiaka. Akili!
Sikumuambia bibi yangu Kaswera, wala binti yetu Falonne mwenye kumaliza mémoire yake ya chuo. Mulinzi hatangazwi.
Kisha, kwa machine hiyo hiyo, nikamuandikia padri wetu barua bila jina. Mama Kahongya amechoka, atafutwe secrétaire mupya, kuna baba mumoja mwenye uwezo sana, Lusenge.

Siku ya Ine, 11 Mei
Sijaona ripoti. Mot de passe ya adresse iko kwa Mama Kahongya. Kumuomba yeye? Aka!

Siku ya Tano, 12 Mei
Haya. Haya kubwa. Sijue nitaficha uso wapi.
Mama Kahongya aliona zile ripoti, akadhani ni barua za shirika. Akazitoa kwenye karatasi, akagawia komite yote. Barua yangu ilikuwa ndani. Mbaya zaidi, na ya Falonne, kwa kijana anaitwa Paulin: anamupenda, familia ya kijana itakuja kujitambulisha, lakini kwanza Falonne anataka Baba aisikie habari kutoka kinywa chake mwenyewe.
Soko nzima imeshamupongeza Kaswera.
Falonne alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni virusi. Ésaïe akafungua machine, akaonyesha jina la mwenye kuiweka: Lusenge Mulinzi.
Falonne amefunga sac yake ya nguo, ameenda Beni kwa shangazi yake. Ameacha neno: familia ya Paulin itapokelewa na mujomba. Mimi niko muzima, na mbuzi za mahari ya binti yangu zitafungwa kwa mutu mwingine! Kaswera ameniwekea chakula bila kuniangalia.

Siku ya Yenga, siku ya misa, 14 Mei
Nimefika Beni, vumbi mupaka kwenye meno. Nilipiga magoti mbele ya shangazi na majirani. Nililia, na haikuwa ya kuigiza. Falonne akaniinua. Kisha akasema: Baba, nimekusamehe, utabapokea wewe, mais usinichungulie tena. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu.

Siku ya Kwanza, 15 Mei
Ésaïe amesafisha machine. Kila mutu amepewa mot de passe yake. Falonne, mwenye nimerudi naye nyumbani, alifinya ya kwake mbele yangu, bila kujificha, kwa sababu ananiamini tena. Moyo wangu umetulia.
Ni herufi nane. Nimeona sita. Nimeziandika nyuma ya daftari hii, kwa usalama tu. Kesho nitasimama upande wa kushoto.