Kovu la Malkia wa Majivu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimedanganya, na hata chai sijanywa. Binti yangu kaniuliza kama mpiga picha wa ng'ambo ya barabara yupo, yule ninayemwita Mwewe. Nikasema amesafiri, kafiwa na mjomba. Mjomba nimemuua mimi. Mungu anisamehe! Lakini ningefanyaje? Miaka ishirini na mbili napiga picha za pasipoti, halafu mtoto wa kumzaa mwenyewe apeleke sura yake kwa Mwewe?

Kazi yenyewe: anataka kuvaa kama Malkia wa Majivu, shujaa wa gemu anayoicheza kutwa kwenye simu. Kikundi cha maigizo kinatafuta mtu wa kutengeneza mavazi na sura za waigizaji. Picha zifike Jumapili, saa sita mchana. Mama yake kanivuta pembeni: nikimwangusha tena kama siku ya mahafali (nilisahau betri), nitafute pa kulala. Nikamwambia niachie mimi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Sebule imekuwa karakana. Godoro la zamani limekatwa, likapakwa rangi, sasa ni vazi la vita. Ukiligusa ndio unajua ni sponji.

Binti kanieleza kitu kirefu kuhusu kovu la malkia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikusikia hata neno. Macho yangu yalikuwa dirishani: Mwewe kasimama mlangoni kwake, mzima wa afya, anamenya ndizi! Nikafunga pazia. Binti akauliza mbona giza. Nikasema jua linaharibu sponji.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku yenyewe. Kovu limekula saa nne nzima: gundi, karatasi laini, rangi. Kutoka kwenye unyusi hadi kidevuni. Nilipomwona nilitaka kumkimbiza hospitali.

Nikashika kamera. Mazoea yana taabu: nikamwambia akae kwenye stuli, masikio yaonekane, asicheke. Akasema, Baba, Malkia wa Majivu haombi pasipoti. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

Tukahamia uani, kwenye ukuta mweusi wa moshi. Akainua upanga wa mbao. Hapo, nakiri, hata Mwewe nilimsahau. Picha arobaini. Tamu!

Alipobandua kovu, shavu lilikuwa jekundu, limevimba. Akasema bora imekwisha, hawezi kurudia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Niandike tu, maana kusema siwezi.

Kwangu mteja haondoki na chunusi. Nikakaa kwenye kompyuta kuzisafisha picha, mkono ukaenda wenyewe. Nikafuta kovu. Picha zote arobaini, moja moja, kwa upendo. Nikahifadhi juu ya zile zile. Kamera nayo nikaifuta, ndivyo ninavyofunga kazi. Nikamwita binti, nikasubiri asante.

Akatazama ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakupiga kelele. Bora angepiga! Akauliza kwa sauti ndogo kazi yake iko wapi. Nikasema si hiyo hapo, umependeza kama bibi harusi!

Mama yake ndiye aliyenifungua akili. Baba wewe, alisema, wale hawatafuti mrembo, wanatafuta mkono uliotengeneza lile kovu. Na huo mkono umeufuta.

Nilitaka kukaa. Nilikuwa nimeshakaa.

Binti akachukua sanduku lake la gundi na rangi, akavuka barabara kumsubiri Mwewe arudi kutoka msibani. Mlango ukafunguliwa na mjomba wa Mwewe mwenyewe, mzima. Binti akampa pole kwa kifo chake.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwewe, kofia mkononi. Akaniuliza mazishi yalikwendaje. Nikasema salama.

Ndani, binti alikuwa anabandika kovu upya, juu ya shavu lililovimba. Kila tone la gundi anafumba macho. Mimi nahesabu dakika. Saa tatu. Saa nne. Saa tano, bado kidevu! Nikaomba kazi yoyote. Nikapewa ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Mwewe akafurahi mno: inua mzee, shusha mzee, mzee usipumue. Sikupumua.

Zimetumwa saa sita kasoro dakika tatu.

Nimeomba msamaha kwa binti, kwa mama yake, kwa Mwewe. Kwa mjomba pia, kwa kumuua. Kasema amesamehe, ila nisirudie. Binti kageukia kioo. Alikuwa anajipaka mafuta shavuni.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kapata kazi! Wamesema kovu liliwafanya wakune mashavu yao wenyewe. Na jioni hii mwanangu kaniletea picha moja, nzuri kuliko zote alizopiga Mwewe, niiweke dukani. Kwanza kaniapisha: Baba, uso usiuguse. Nikaapa, machozi yananitoka. Huu ndio mwisho wa ujanja wangu. Nimekuwa mtu mpya.

Imeshakaa dirishani, kubwa kama mlango. Watu wanasimama wanashangaa. Kiapo nimekitunza, uso sijaugusa hata unyusi mmoja.

Kulikuwa tu na kauchafu kadogo kwenye kona ya chini, kama jina la mpiga picha hivi. Nimekasafisha.