Magamba Yamepanda Cheo, Mimi Nimeshushwa

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanda cha Samaki,

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia jana pale getini kabla hujapandisha kioo cha gari, mimi sina ugomvi na mtu. Kioo kilinikata neno mdomoni, nikabaki namalizia na mlinzi, na mlinzi sikio lake moja halifanyi kazi, nikaona bora niandike. Kwa mwandiko utanisamehe, shule niliishia pale walipoanza mambo ya desimali. Mimi ndiye yule mama wa meza ya magamba, karibu na bomba, wanayemwita Redio. Nimesimamishwa kazi kwa kosa la kutupa taka kwenye taka. Naomba nirudi mezani kwangu. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Cheo cha magamba. Mwanangu (nakuita mwanangu kwa heshima zote, mama yako namjua tangu wewe unavuta kamasi), zamani magamba yalikuwa magamba. Unakwangua, yanaruka, mengine yanakaa kwenye nywele, unafika nyumbani unametameta mume anadhani umetoka harusini. Ngozi, mifupa, matumbo, vyote pipani, jioni vinamwagwa nyuma ya ukuta na mtaa mzima unaziba pua. Ndipo akaja yule binti wa koti jeupe na mashine zake. Akatukusanya, akasema mama zangu, hii mnayotupa ni mali. Eti ngozi na magamba yana kitu kinaitwa kolajeni, kinatolewa humo kinatengenezewa mafuta ya kulainisha uso na dawa ya viungo. Matumbo yana mafuta yanayofaa moyo. Maganda ya kamba yanatoa unga wa kutengenezea bandeji ya kuzuia damu. Tukapiga makofi. Hatukujua tunawapigia makofi wakubwa wetu wa kazi.

Leo magamba yakitoka pipani yanaoshwa kwa maji safi, yanafunikwa, yanasukumwa kwa toroli taratibu kama mzazi anatoka wodini, yanakwenda kulala chumba cha baridi. Mimi sijawahi kusukumwa kwa toroli, hata siku ile niliyokanyaga utumbo nikaanguka chali. Na feni ya chumba chetu cha kupumzikia imekufa tangu enzi za msimamizi wa zamani, yule aliyehama ghafla kwa sababu ya mke wa... haya, hayo tuyaache.

2. Hili nilikuwa nalo asubuhi, limenitoka. Likirudi nitalichomeka.

3. Kosa lenyewe. Pale mezani tuna kawaida yetu: ukimaliza chai, majani yanayobaki chini ya kikombe unayamwaga kwenye pipa la magamba. Hakuna aliyetufundisha, mkono unakwenda wenyewe. Sasa semina nilihudhuria mimi, mkono wangu haukuhudhuria. Nikamwaga. Pipa zima likageuka rangi ya maji ya mtaro, binti wa koti jeupe akalia machozi ya kweli, nikamhurumia, nikampa leso. Msimamizi akanijia juu mbele ya watu, kwa nini nimetupa takataka humo ndani. Nikamuuliza kwa upole, kwani humo ndani kulikuwa na nini? Akasema hicho ndicho kiburi, nikavuliwa aproni palepale. Mheshimiwa, mimi nasema mwenye kosa ni pipa. Ni lilelile la bluu lenye ufa. Limepandishwa heshima, lakini hakuna aliyelileta mbele yangu akatutambulisha upya.

4. Barakoa na ukimya. Tumeambiwa tusiongee tukikwangua, mate yasiingie kwenye kolajeni. Haya. Nani alifikiria kwamba maneno ndiyo yaliyokuwa yanatufungua macho? Sasa watu wanasinzia na visu mkononi. Mama Mapacha juzi amekwangua glavu yake mpaka karibu na dole gumba, anadhani ni samaki. Na kwa sababu ya huo ukimya wenu, yule kijana mfunga maboksi amechumbia dada wawili wa nyumba moja, na wote wanakaa meza yetu! Wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anatabasamu ndani ya barakoa yake. Zamani jambo kama hilo lisingevuka mapumziko ya chai. Huo ni usalama wa kazi au ni nini?

5. Paka. Matumbo yote yamekwenda kukamuliwa mafuta, paka wa nyuma ya ukuta wamebaki hawana ajira, kama mimi. Wamefuata harufu yangu mpaka nyumbani. Mume wangu kipande chake cha nyama kimechukuliwa mezani, na amekataa kabisa kwamba ni paka. Anasema nimempa mtu. Siku hizi anakula na fimbo magotini, ananiangalia mimi, haangalii dirisha. Ndoa yangu inavunjwa na kiwanda chako, mwanangu.

Ah! La pili limerudi. Harufu. Najua sisi ndio tuliokuja ofisini kwako kulalamika kwamba mtaa unanuka, na mimi ndiye niliyekuwa mbele nimejifunga kanga kiunoni. Sasa hainuki. Matokeo yake ni nini? Wageni hawaondoki! Zamani mgeni alikuwa anakaa mpaka upepo ugeuke, anakumbuka safari. Mama mkwe alikuja kusalimia, amevuta hewa safi, ameomba mto wa pili.

6. Wifi yangu. Amenunua hiyo kolajeni yenu kwenye kikopo kidogo, uso unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akanitazama mbele ya mama mkwe, akasema pole wifi, kazi inakuzeesha, kaka yangu ataonekana ameoa shangazi. Nikamwambia shoga, huo uso wako nimeukwangua mimi kwa kisu hiki. Akasema wivu. Mimi nimeishika ngozi hiyo kwa mikono miwili siku zote, mbona mikono yangu imejikunja kama tambara la kudekia? Hiyo kolajeni ilikuwa inaniruka?

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Rudisheni magamba yawe takataka kama tulivyozoeana. Au mtupandishe na sisi: tuoshwe, tufunikwe, tulazwe kwenye baridi. Na kama mtu haonekani wa maana mpaka akamuliwe, basi nipelekeni kwenye mashine. Ngozi ninayo mpaka ya ziada, mafuta ndiyo usiseme.

Nisalimie sana mama yako, mwambie goti lake linalomsumbua nalikumbuka. Salamu kwa mlinzi, upande wa sikio zima. Binti wa koti jeupe mwambie leso abaki nayo. Msimamizi mpe salamu nusu.

Ni mimi niliyevuliwa aproni lakini adabu ninayo,
Redio wa meza ya magamba

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua. Wifi alisahau kikopo chake bafuni kwangu. Nikapaka mikononi, kidogo tu, nipate ushahidi wa kukuletea. Nikapaka tena kesho yake, ushahidi uongezeke. Leo namkabidhi mume wangu kikombe, akaushika mkono, akaugeuza, akauliza huu wa nani. Hakuuachia mpaka chai ikapoa, na fimbo ikaanguka chini hakuiokota. Kwa hiyo mwanangu, futa la kwanza mpaka la sita. Magamba yaacheni na ufalme wao, hata toroli wanunulieni jipya. Mimi nipe meza yangu tu. Nitavaa barakoa mbili, nitanyamaza kama boksi, na majani ya chai nitakuwa nayameza.

Mlinzi huyo mlangoni, ananiita kwa kelele. Anasema umemtuma wewe, nije sasa hivi na buti zangu, mezani wamelala wote. Nimemwambia sawa, ila ajue siku hizi mimi ni mtu wa kunyamaza. Anasema mfunga maboksi kachumbia wa tatu. Wa tatu! Ngoja nivae b