Uzinduzi wa Mfuko wa Fidia za Shingo, Isongole

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye amepata udhuru. Wazee wa kanisa, akina mama wa viazi, vijana wa bodaboda, na mimi mwenyewe, Mzee Ezron, Mwenyekiti wa Muda wa Kamati Tendaji ya Uratibu wa Mfuko wa Fidia za Shingo, mtu ambaye cheo chake hakijawahi kuenea kwenye mhuri mmoja. (Makofi ya dereva wangu, Ambokile.)

Mnaniona nimevaa kola ya shingo, kwa hiyo nitahutubia upande mmoja tu. Waliokaa kushoto wanivumilie. Nieleze taratibu. Mtu ameketi kwenye gari lililosimama, likigongwa kwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele, kichwa hubaki nyuma, kisha nacho hufuata kwa pupa, na shingo iliyo katikati ndiyo inayobeba ujinga wa waliokuja nyuma. Hakuna damu, hakuna kovu, ndiyo maana majirani husema anajidekeza. (Minong'ono.)

Utafiti wetu shirikishi umebaini kwamba asilimia mia moja ya shingo zilizohusika ziliumia, yaani ya mama Esnath, aliyekuwa kwenye pikapu iliyosimama kupisha ng'ombe, na yangu, niliyekuwa kwenye gari lililomgonga, nikimfafanulia Ambokile habari za mwendo salama. (Kicheko.) Katika awamu ya majaribio kamati ilikaa, nikajiteua, nikaihudumia kwanza shingo yangu, na nathubutu kusema majaribio yamefaulu.

"Mzee," anauliza Esnath, akigeuza mwili mzima kunitazama, "mimi viazi nabeba kichwani mpaka barabarani. Sasa hata ndoo ya maji nabebewa na jirani. Fidia yangu lini?"

Ni swali la kimkakati, mama, nalo lipo kwenye mchakato.

"Mchakato unakaa kijiji gani, tukupeleke?" anauliza Jairo wa bodaboda. (Kicheko kirefu.)

Nahitimisha. Tuseme pamoja: Shingo imara, maendeleo mbele. Fidia kwa wote, subira kwanza. (Mtu anakohoa.)

Mwisho, ndaga fijo, asante sana, kwa mama Esnath, ambaye siku ile alikubali tusimwite trafiki, ingawa bila maelezo ya polisi bima ya gari letu haimlipi, kwa sababu aliniamini nilipomwambia kuna Mfuko. Mfuko ambao, haki ya Mungu, niliutunga palepale barabarani, na kilichonichelewesha ni urefu wa jina lake.

(Esnath anasimama.)

"Ambokile mwanangu," anasema, "nipeleke kituo cha polisi."

(Ambokile ananitazama mimi, kisha anamtazama yeye, kisha anakwenda kumfungulia mlango wa mbele.)

Nisubirini. Nami nina maelezo ya kutoa. Nitakaa nyuma.