Bahari ya Bel-Air

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Shefu wa karitie, mtaa wetu wa Bel-Air, amepita. Moshi wa mashine yangu ya kusaga mahindi unawakohoza majirani, amesema. Ijumaa atarudi; akiukuta bado, anafunga. Mashine hiyo ndiyo inayotulisha. Nimemjibu kwamba Lubumbashi nzima ilijengwa kwa moshi. Hakucheka. Wasiosoma hawacheki.

Jumanne, 8
Nimesoma hadi macho yakauma. Meli kubwa huchoma mafuta machafu kuliko mazutu, dizeli ya mashine yangu, kisha huunyunyizia moshi maji ya bahari. Gesi ya salfa, ile inayochoma koo, hubaki majini. Na bahari ni nini? Maji na chumvi. Nimetia nusu gunia la chumvi kwenye pipa la maji. Jirani Anaclet, mwalimu wa kemia, ameegemea ukuta akiniuliza kama ninangojea samaki. Eti si chumvi inayoizima asidi ya moshi, ni vitu vingine vya bahari, nitumie chokaa. Chokaa! Mtu wa kitabu kimoja, tena cha darasani.

Jumatano, 9
Pampu inanyunyiza ndani ya bomba la moshi. Moshi unatoka mweupe. Mke wangu Adolphine anasema unanuka vilevile. Pua ya mke si kipimo. Manyunyu kidogo yanaangukia unga. Si kitu.

Alhamisi, 10
Kina mama wamerudi na mabeseni. Bukari yao, ugali wa unga wangu, ina chumvi. Mama Dorine ameniuliza, Papa Lombe, bukari ya chumvi, unataka bwana yangu anifukuze? Mwenzake amesema hata mbwa aliangalia sahani, akaangalia mwenye nyumba. Nimewaeleza habari za meli. Wamehamia kwa Mulenga, mjinga anayesaga tu.

Ijumaa, 11
Shefu amekuja, amekohoa, amefunga. Amesema nikitia chokaa pipani, kama Anaclet alivyomweleza, Jumatatu anafungua. Anaclet ameleta gunia zima, bure, ameliweka mlangoni. Dharau tupu. Adolphine anauliza tutakula nini.

Jumamosi, 12
Nimegundua kosa. Si langu, ni la chumvi: ya dukani. Dereva Hénoc anapeleka lori la shaba Dar es Salaam. Nimempa madumu ayajaze baharini. Atarudi baada ya mwezi, mpaka wa Kasumbalesa ukipenda. Chokaa ya Anaclet haikupotea. Nimeikoroga yote, nikaandika ukutani, herufi za kusomeka toka barabarani: MAJI YA BAHARI YANAKUJA.