Gapi Ishirini wa Sikukuu ya Mavuno

Jumapili, 6 Julai

Nimejiponza. Baada ya ibada sisi wa Umoja wa Wanawake tulibaki kupanga sikukuu ya mavuno ya Jumapili ijayo, kila mmoja ataje atakacholeta mnadani. Prisca, jirani yangu hapa Sakina, Arusha, akasema jogoo. Mwaka wa nne huu, jogoo. Makofi. Mimi nilikuwa nimepanga kusema mkungu wa ndizi, lakini makofi yale yalinikaa vibaya. Nikajisikia nikisema nitaleta malimbuko ya samaki wangu wadogo wa mapambo: gapi ishirini, wazima, waliozaliwa nyumbani kwangu. Kisha makofi marefu kuliko ya jogoo.

Gapi nilionao ni watano tu. Madume wanne na jike mmoja, kwenye tangi la kioo nililonunua nilipostaafu ualimu. Bahati nzuri jike ana mimba, tumbo limejaa mpaka limekuwa na pembe kama sanduku. Gapi hatagi, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Nimefundisha sayansi miaka thelathini. Najua ninachofanya.

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Mlima haujaonekana tangu juzi. Gapi wanataka maji ya uvuguvugu na mimi sina hita, kwa hiyo nachemsha maji, naweka kwenye chupa ya chai, namimina kidogo kidogo pembeni mwa tangi. Leo jioni nikashika chupa isiyo yenyewe. Vikombe viwili vya chai ya maziwa vilikuwa vimeshaingia ndipo nikashtuka.

Nimebadilisha nusu ya maji. Nilikuwa na ndoo ya maji ya bomba niliyoiacha wazi tangu jana ili dawa ya kuulia vijidudu iishe. Wote wazima, ingawa dume mmoja haniangalii. Prisca akapiga simu kuuliza hali ya mama mjamzito. Nikasema anaendelea vizuri sana.

Alhamisi, 10 Julai

Amezaa! Ishirini na watatu. Macho na mkia tu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa nimemtenga jike kwenye chupa kubwa ya kioo, kama inavyotakiwa. Akimaliza kuzaa atolewe saa hiyohiyo, kwa sababu gapi hula watoto wake mwenyewe. Sheria hiyo naijua. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani.

Ila nilimpigia Prisca kwanza. Dakika mbili tu. Nikamtajia idadi. Akafurahi kwa moyo wote, jambo ambalo sikulitegemea na halikunipa raha, basi nikampigia na Ruth, katibu wa Umoja. Ruth akauliza rangi zao. Nikaeleza. Akauliza wanakula nini. Nikaeleza hayo pia. Dakika arobaini.

Niliporudi mama alikuwa ametulia, tumbo limejaa upya. Amebaki mtoto mmoja, kajificha chini ya jani. Nimekaa chini nikalia. Kama nililia kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya jina langu, sijui. Hapana, najua.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nilikwenda kwa Kisioki, muuza samaki wa mapambo, ninunue ishirini. Amefunga. Yuko msibani Monduli mpaka Jumatatu. Nilishika simu nimwambie Ruth ukweli. Nikaiweka.

Mchana nilikwenda kwa dada yangu anayekaa Sokon, nikashuka peke yangu mpaka mfereji ulio chini ya migomba yake. Nilivaa gauni la kanisani ili mtu akipita asidhani natafuta kitu. Nilikuwa na kichujio cha chai. Viluwiluwi wa chura, ishirini kamili. Nimechagua wadogo. Kiumbe huyu nimemchora ubaoni kila mwaka, nikawaonya watoto wasimchanganye na samaki.

Jumapili, 13 Julai

Chupa niliifunga kitenge, ikabaki wazi juu tu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mnadishaji. Mnadishaji alikuwa Mwinjilisti Lesian.

Lesian nilimfundisha darasa la tano. Alipanga vibaya hatua za ukuaji wa chura kwenye jaribio, nami nikamfanya azichore ubaoni kila asubuhi, wiki nzima, mbele ya wenzake. Hakuna mtu Arusha yote anayemjua kiluwiluwi kama yeye. Akafunua kitenge. Akaangalia ndani kwa muda mrefu. Akaniangalia mimi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hawa ni gapi?"

Nikasema bado wachanga. Akarudisha kitenge na kuanza kunadi kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Prisca akanunua. Watu wawili walishindana naye, wakachoka wao. Baadaye akanifuata, chupa ameikumbatia. Akasema yeye hata samaki hawapendi sana, ila tangu nilipostaafu ananiona niko peke yangu, na hakuwa na kisa cha kuja kunigongea. Sasa atakuwa anakuja kuuliza namna ya kuwalea. Sikuweza kumaliza pilau yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Prisca amekuja kila siku wiki hii. Nimemfundisha kusaga kiini cha yai lililochemshwa, awape samaki punje chache tu. Nimemfundisha kuacha maji ya bomba yakae siku nzima. Anasikiliza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Hana miwani ya kuonea karibu. Prisca anamtambua kondoo wake akiwa ng'ambo ya korongo, lakini mdudu wa mchele sahanini hamwoni.

Leo alifika mapema, macho mekundu. Samaki wameota uvimbe, akasema, pande zote mbili za mkia, wote ishirini, amewapapasa kwa kidole. Na kosa ni lake. Jumatano aliwapa ugali. Malimbuko ya Mungu, kazi ya mikono yangu, yeye amewaharibu kwa ugali.

Nyuma yake kulikuwa na kondoo jike, amefungwa kamba. Kwetu Waarusha ukimkosea mtu kwa kitu cha heshima huendi na maneno matupu. Akaniwekea kamba mkononi. "Mama Nelson, nisamehe," akasema.

Maneno manne tu yalitosha. Prisca, hawa ni vyura. Nikafungua mdomo. Nikasema nimekusamehe.

Kondoo yuko uani. Analia tangu saa tatu, na kila akilia nafunga dirisha ambalo tayari limefungwa.

Jumatatu, 21 Julai

Lesian alikuja. Shikamoo Mwalimu. Akakaa. Kondoo akalia. Nikamwongeza chai mara tatu na hakuwa ameomba.

Akasema hajamwambia mtu, hata mkewe. Ila jana Prisca alimfuata ofisini akitaka kusimama mbele ya usharika atubu kwa ajili ya samaki. Amemwomba asubiri. Kisha akanikumbusha, kwa adabu kabisa, kwamba darasani nilikuwa nasema aliyekosea afute mwenyewe, asifutiwe na mwenzake. Ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Nilikuwa na sauti kubwa enzi hizo.

Nimemwahidi nitamwambia Prisca kesho. Alipoondoka aliniaga kwa mikono miwili, kama zamani, na hilo ndilo lililoniumiza. Heri angenigombeza.

Jumanne, 22 Julai

Nilitoka na kondoo saa kumi. Kutoka kwangu mpaka kwa Prisca ni nyumba sita, na nilirudia maneno yangu kila geti. Nyumba ya nne nikakutana na Ruth na wanakwaya watano wakitoka mazoezini. Wakauliza naenda wapi na kondoo. Nikasema namrudishia Prisca. Ukweli mtupu, naomba iandikwe.

Ruth, ambaye Prisca alikuwa ameshamweleza habari ya ugali, akashika kichwa. Amesamehe, akawaambia wenzake, na fidia ameirudisha! Wakanisindikiza kwa wimbo mpaka mlangoni. Prisca akatoka, akaona kondoo, akaanza kulia. Wote wakalia. Hata mimi nililia, na mimi ndiye niliyekuwa na sababu. Nilisogea sikioni mwake nikaanza, "Prisca, wale samaki," akaniziba mdomo kwa kiganja. Akasema yameisha, tusiyataje tena. Chupa ilikuwa dirishani, ameifunika kitambaa ili watu wasione aibu yake.

Ningeweza kuutoa ule mkono. Haukuwa mzito.

Jumapili, 27 Julai

Leo mchungaji amenitaja madhabahuni. Amesema usharika una mama aliyefundisha wengi darasani na sasa anatufundisha kwa matendo. Nimeombwa kutoa somo la msamaha kwenye semina ya wanawake, Jumamosi ya tarehe tisa Agosti. Sikuweza kuinua kichwa. Waumini wakaambiana, mwoneni alivyo mnyenyekevu. Lesian alikuwa anaangalia viatu vyake. Prisca, pembeni yangu, alinibana mkono.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilirudi nyumbani nikalala chini, kwenye sakafu, nikaapa kwamba mchezo huu umekwisha.

Kisha nikainuka kuandaa somo. Limekuja vizuri mno. Vipengele vitatu na zana moja ya kufundishia. Nitaanza na habari za mwanamke aliyeharibu sadaka ya jirani yake bila kukusudia. Sikutaka kumtaja jina, lakini nilipompigia simu Prisca amekubali kusimama mwenyewe ili watu wamwone. Amesema ni heshima kwake.

Nimepiga hesabu. Kwa baridi hii, miguu ya mbele ya viluwiluwi haitatoka kabla ya tarehe tisa. Ukweli nitamwambia, nimeshaapa, ila baada ya semina. Nikimwambia kabla, somo litakosa mfano.